Sadaka Haitiwi Jino

Mahindi makavu yanapomwagwa ndani ya debe hulia. Kila mtoto aliyekulia Puge anaijua sauti hiyo: ni kali, nyembamba, na hupanda kadiri debe linavyojaa, mpaka anayemimina anajua bila kutazama kwamba amekaribia ukingo. Jumamosi ile, nyuma ya kanisa letu, baba yangu aliinua mfuko akamimina, na debe halikulia. Mahindi yalianguka kwa kishindo kizito na kifupi, yakakaa pale yalipoangukia.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Kwetu huo ndio mwezi ambao mahindi ya shambani yamekufika kifuani lakini hayana cha kukupa. Vihenge vya nafaka vimebaki na vumbi tu. Watu wanakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa tangu kiangazi, na kanisa hufungua ghala lake. Nafaka iliyomo ni malimbuko, yaani mavuno ya kwanza ya kila familia, yaliyoletwa madhabahuni kabla mtu yeyote hajala chake. Kila baada ya wiki mbili, wajane, wazee wasio na watoto karibu na wale wanaolea yatima hupokea debe moja kila nyumba. Baba ndiye mtunza ghala. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijaanza shule.

Aliwahi kunieleza kwamba anayegawa chakula cha kanisa hapaswi kumtazama mpokeaji usoni wakati anamimina, asije akamfanya ajione ombaomba. Atazame debe. Hivyo ndivyo alivyofanya siku ile: alitazama debe kwa heshima yake yote. Lakini masikio yake yamepungua nguvu miaka hii, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa na njaa, na mwenye njaa hasikilizi mahindi, anayangoja. Nadhani niliyesikia ni mimi peke yangu.

Ni lazima nieleze nilichokisikia, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya chakula, na mada yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa uhifadhi wa nafaka. Nafaka yenye unyevu huota ukungu. Ukungu wa aina fulani huacha sumu. Sumu hiyo haina ladha ya kumwonya mlaji, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga, na inapozidi hushambulia ini. Haya niliyajua kwa ufasaha wa mtu anayejiandaa kuulizwa maswali mbele ya jopo.

Na mifuko ilikuwa yangu. Mwaka uliotangulia, dumuzi walikuwa wamelila ghala la kanisa mpaka mahindi yakabaki unga na matundu. Wazee wa kwetu wamewabatiza wadudu hao jina la malori, kwa namna wanavyobeba mzigo. Nilikuja likizo na mifuko isiyopitisha hewa, nikasimama mbele ya waumini baada ya ibada, nikawaeleza kwamba mdudu akikosa hewa hufa. Nilisema pia kwamba mahindi yakauke kwanza. Nilisema mara moja, nikapita. Sikuona haja ya kumfundisha Mnyamwezi namna ya kujua kama punje imekauka. Sokoni huchukui mahindi ya mtu kabla hujaweka punje moja chini ya jino la mwisho: ikikatika kwa mlio, unanunua, ikibonyea, unamrudishia mwenyewe na utani juu yake.

Nilichokisahau, mimi niliyelelewa ndani ya kanisa hilo, ni kwamba malimbuko hayatiwi jino. Familia inataka kutoa kabla ya kula, kwa hiyo huvuna mapema, mara tu maganda yanapoanza kufifia, huanika siku mbili au tatu, na Jumapili hubeba kichwani mpaka madhabahuni. Hapo hakuna mzee wa kanisa atakayechukua punje ya mtu na kuiuma. Itakuwa ni kumpima aliyetoa, na kumtangulia Bwana kuonja kilicho chake. Zamani desturi hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu malimbuko yalimiminwa kwenye kihenge cha fito kilichosimama nje, upepo ukapita katikati, na yaliyoletwa mabichi yakamalizia kukaukia humo. Kihenge kilisamehe unyevu. Mfuko wangu haukusamehe. Baba naye, kwa uangalifu wake, alikuwa akiifungua mifuko kila wiki kuangalia kama dumuzi wamerudi, anaingiza mkono, anaridhika, anafunga tena. Kila alipofungua, aliupa ukungu pumzi uliyoihitaji.

Basi nilisogea, nikaokota punje iliyoanguka pembeni ya debe, nikaiweka mdomoni. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na baiskeli ya ndugu yake. Alikuwa mjane, na baba ndiye aliyekuwa akimpelekea debe lake mpaka nyumbani. Aliniona.

“Msomi,” akasema kwa sauti ya foleni nzima kusikia, “huko chuoni wamekufundisha kula kabla ya wajane?”

Wanawake wakacheka. Baba hakucheka. Bila kuinua macho kutoka kwenye debe aliniambia polepole, “Sadaka haitiwi jino, mama.” Huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Punje haikukatika. Ilibonyea, na ilikuwa na uchachu kidogo. Sikuweza kuitema pale, mbele ya kanisa na mbele yake. Niliimeza.

Jioni nilimuuliza anayaonaje mahindi ya mwaka huu. Nilikuwa nimejipanga kuanza taratibu. Alijibu kwamba ni mazuri, hata dumuzi mmoja hakuna, na kwamba mchungaji amesema Jumapili atamshukuru Mungu kwa ajili ya mifuko yangu. Kisha akasema kwamba kwa mara ya kwanza tangu apewe funguo za ghala analala bila hofu. Sikuendelea. Niliondoka Puge Jumatatu na chupa iliyojaa mahindi ya ghalani, nimeiviringisha ndani ya kanga, na nilipofika Tabora mjini nikampa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anarudi chuoni, aifikishe maabara. Maabara waliniambia nisubiri; kemikali za kipimo hicho zilikuwa hazijafika.

Majibu yalikuja baadaye sana. Nayasema hapa ili msomaji asibaki akiyangoja kama nilivyoyangoja mimi: yalikuwa yale niliyoyaogopa.

Nilikuwa nimepanga chumba Chemchem, hapo Tabora mjini, kwa ajili ya kuandika tasnifu. Ninachokumbuka kuhusu majuma yale ni meza, na simu juu ya meza. Niliandika ujumbe kwa baba mara nyingi na kuufuta. Nikisema wasigawe, na kumbe nimekosea, nitakuwa nimewaacha wajane na njaa katikati ya masika kwa sababu ya mlio wa debe. Nikisema, na nimesema kweli, nitakuwa nimemwambia mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua kwamba amewalisha watu sumu kwa mikono yake, na kwamba sumu hiyo imeletwa na bintiye. Niliona kwamba katika hali zote mbili uthibitisho ungenisaidia. Nililiita jambo hilo uadilifu wa kitaaluma. Jina hilo lilikaa vizuri katika sentensi, nami nikaliamini.

Wakati mwingine nilitoka nikatembea mpaka Gongoni kununua kitu cha kupika, na kichwa kilikuwa kikienda kwenye mambo ya mbali ili kisikae kwenye lililo karibu. Barabara zetu zimekanyagwa na misafara kabla hazijawa barabara. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo mpaka pwani na kurudi. Na bibi zetu walitwanga mtama wakawauzia watu wa msafara, nao wakaubeba mbele kama posho. Mwanamke wa Puge hakujua kamwe unga wake uliliwa wapi. Mpagazi akiugua tumbo Ugogoni, habari haikurudi. Nilijiuliza kama hiyo ndiyo hali ya kila anayelisha watu: anaachia kitu mkononi mwa mwenzake, na kinachofuata anakijua Mungu peke yake. Lilikuwa wazo zuri, na nililipenda kwa sababu lilinitoa hatiani. Wale bibi hawakujua. Mimi nilikuwa najua nyumba kwa nyumba.

Wiki ya pili ya Februari shangazi alinipigia. Hakuwa mtu wa simu, nikashtuka. Alianza na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, akaniuliza kama nimeshapata mchumba au bado nimeolewa na vitabu, kisha akasema bata wake wanakufa.

“Wale vifaranga wote,” akasema. “Na mimi nilikuwa nimeshawapa majina ya mawifi zangu, kila mmoja na lake. Sasa nitamgombeza nani asubuhi?”

Nilimuuliza amewalisha nini. Pumba, akasema, na chenga za mahindi ya kanisani. Vifaranga wa bata ni dhaifu kuliko ndege wengine wote mbele ya sumu ile. Ni jambo la ukurasa wa kwanza, jambo ambalo hata mwanafunzi mzembe huliandika kwenye mtihani. Nilisimama. Nakumbuka kwamba nilisimama, kana kwamba kuna mtu ameingia chumbani.

“Shangazi,” nikasema, “usiwape tena bata yale mahindi.”

Nilisema bata. Ningesema asile yeye, angeuliza sababu, na akishaijua angemuuliza ndugu yake. Niliyapima hayo yote katika muda wa pumzi moja.

“Kwa hiyo bata wale michembe, mimi nile ugali?” akauliza, akacheka.

“Ndiyo,” nikasema. Nami nikacheka.

Mwishoni mwa mwezi baba alinijulisha kwamba dada yake amepelekwa hospitali. Macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa, chakula hakikai. Nilikwenda. Alinitambua siku ya kwanza, akaniomba nimletee uji, na muuguzi akasema asipewe kitu. Siku ya nne hakuwa anatambua watu. Alifariki mchana, baba akiwa amemshika mguu, si mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano. Daktari alisema ni ini. Alisema pia kwamba kwa mtu wa umri wake huenda lilikuwa limeharibika miaka mingi. Ninaiandika sentensi hiyo ya pili kwa sababu ni kweli aliisema, na kwa sababu nilijikuta nikiirudia moyoni njia nzima mpaka Puge, kama mtu anayesali.

Kwetu msiba wa muumini hulishwa na kanisa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Niliporudi uani kutoka kuwapokea wageni, niliwakuta wanawake wamepanga mafiga matatu makubwa, na baba, ambaye hakuna mtu angemlaumu kama angebaki ameketi, alikuwa amekwenda mwenyewe ghalani, amefungua mfuko, ameleta mahindi yakasagwa. Alitaka dada yake azikwe kwa chakula cha malimbuko. Aliniambia hivyo kwa utulivu uliokaribia furaha.

Watu walikaa kwenye mikeka. Mzee wa kanisa alituambia tufumbe macho tushukuru. Alishukuru kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya mikono iliyolima, kwa ajili ya mikono iliyohifadhi. Nilisema amina. Sahani ilinifikia, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akanitazama, kwa wema tu, kuona kama nitaweza kula. Binti wa mtunza ghala asipokula chakula cha ghala, watu wataelewa kitu. Nilikata tonge, nikala. Nilikula matonge sita. Karibu na mafiga watoto walikuwa wanagombania ukoko, na mama mmoja akawagawia sawasawa, akiwatania kwamba mwenye pupa atapata mke mkali.

Tangu utotoni nimesali nikiomba riziki ya leo. Pale mkekani niliona kwamba sijawahi kuomba zaidi ya riziki yenyewe; sikuwahi kuomba iwe safi, kwa sababu nilidhani kinachotoka kwa Mungu hufika kikiwa safi. Lakini hufika kimepita kwenye mvua, kwenye haraka ya mtu anayependa kutoa, kwenye mfuko, kwenye mkono wa baba yangu. Mtu yeyote aliye katikati ya njia hiyo, akijua kitu na akanyamaza, ameiomba sala ile kinyume. Wajane wa Puge hawatii jino wanachopewa na kanisa, na si kwa ujinga. Wamekubali kufumba macho wakafungua mikono, kwa kuwa sisi tuliosimama upande wa pili wa debe tumeahidi kuwa macho yao.

Niliyafikiri hayo, nayo yalikuwa kweli, na bado nilirudi Chemchem bila kusema neno. Siwezi kulieleza vizuri. Kulikuwa na kaburi jipya na kulikuwa na uso wa baba.

Alinisindikiza Alhamisi mpaka kituo cha basi. Njiani akaniambia, kama mtu anayetoa habari njema baada ya mbaya, kwamba debe la shangazi halitarudi ghalani. Jirani aliyemwosha marehemu analea wajukuu wawili walioachwa na mama yao, na Jumamosi baba angempelekea yeye, kwa baiskeli ileile, kila baada ya wiki mbili mpaka mavuno. Nilimwambia ni vizuri. Nikapanda.

Ijumaa asubuhi nilipiga magoti pembeni ya kitanda, na baada ya muda nikasikia ninachokiomba. Nilikuwa ninamwomba Mungu majibu ya maabara. Nilikuwa ninamwomba anipe karatasi ambayo ningeishika mbele yangu wakati ninazungumza na baba, ili aione karatasi asinione mimi. Nikainuka kabla ya amina. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Nikampigia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Umeamkaje? Umekula?”

Nilisema sijala. Kisha nikasema, “Baba, mahindi ya ghalani yasigawiwe kesho.”

“Yana nini?”

Nilimweleza. Kwamba yaliingia na unyevu, kwamba mfuko uliufungia ndani, kwamba yameota ukungu na ukungu una sumu. Nilisema majibu ya maabara hayajafika, lakini ninaamini hivyo. Nilisema mifuko ni yangu na kosa ni langu, kwa sababu niliwaletea bila kukumbuka namna tunavyopokea malimbuko. Nilizungumza haraka, kwa mpangilio mzuri, na alipokuwa hajibu niliendelea kupanga, mpaka nikaishiwa.

“Umejua tangu lini?”

Nilikuwa na jibu refu juu ya tofauti kati ya kushuku na kujua. Nilikuwa nimelifanyia kazi majuma sita.

“Tangu Jumamosi ile niliyouma punje,” nikasema.

Niliitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika, nikairudisha. Nilisikia kuku, na mtu mbali akiita mbuzi.

“Nilimpelekea kwa baiskeli,” akasema. “Mara tatu.”

“Najua, baba.”

“Mara ya mwisho alisema nimemjazia mno.”

Nililia, naye alisubiri, hakuniambia nyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtunza ghala, kesho watu watakuja na mifuko yao, watakula nini. Nikasema sijui.

“Nyumbani kuna mtama,” akasema. “Si mwingi. Nitaanza na huo, halafu nitapita kwa wenzangu leo hii, nyumba kwa nyumba. Hilo ni langu.” Akapumua. “Lingine ni lako. Panda basi la alfajiri. Hayo uliyoniambia utawaambia mwenyewe, mbele yao, kabla sijafungua mlango.”

“Nitakuja, baba.”

“Watu huanza kufika saa tatu,” akasema, akakata simu.